Sonona ya mama na furaha ya mtoto: nifanye nini siku ambazo sina tabasamu?

Mama wa Wawili aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nina watoto wawili, binti wa miaka minne na mdogo wake wa kiume ambaye ametimiza miezi saba. Baada ya kumzaa huyu wa pili niliingia katika hali ambayo kwa muda mrefu niliiita uchovu, hadi daktari aliponieleza kwamba ni sonona. Nilianza dawa wiki tano zilizopita, na ninaonana na mnasihi mara moja kwa wiki. Usingizi umeanza kurudi kidogo kidogo na hamu ya chakula pia, lakini furaha bado. Ninawapenda wanangu na ninajua kwamba ninawapenda, ila mapenzi hayo ni kama yamefungiwa chumba cha pili: ninajua yamo, lakini mkono haufiki.

Kilichonifanya niandike ni jambo la juzi. Binti yangu alikuja mbio kutoka uani amebeba konokono juu ya jani, akaniita, "Mama, tazama, ana pembe!" Nikamjibu, "Ehe, vizuri," bila hata kugeuza shingo. Akasimama kidogo, kisha akaenda pembeni akamwonyesha mwanasesere wake yule konokono, akamsimulia kwa sauti ya chini yote aliyotaka kunisimulia mimi. Niliyasikia yote nikiwa nimelala ubavu, na sikuweza kuinuka. Tangu siku hiyo naona haniiti kama zamani. Akilia ninakwenda, akiumia ninamfuta machozi, akiwa na njaa ninamlisha, lakini anapofurahi ninamwacha peke yake na furaha yake.

Je, nijilazimishe kucheka na kuchangamka mbele yao hata kama moyoni hamna kitu? Huyu mdogo, ambaye hajui maneno, anaathirika vipi na uso wangu, na naweza kumfanyia nini? Na huyu mkubwa nimwambie kwamba ninaumwa, au nitakuwa nimemtwisha mzigo usio wake? Nitashukuru kusikia kutoka kwa waliopitia hali hii au wanaoifanyia kazi, maana maneno ya "jipe moyo" nimeyasikia mengi na hayajanifikisha popote.

Muuguzi wa Kliniki alijibu:

Pole sana, dada yangu. Nimefanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, na akina mama wengi wenye sonona niliowahudumia walikuwa kama ulivyojieleza wewe: hawampuuzi mtoto anayelia. Kilio kina nguvu ya kumvuta mtu hata kama amechoka vipi. Furaha haina nguvu hiyo, kwa sababu mtoto anayecheka haonekani kuhitaji kitu, na kwa hiyo furaha yake hupita bila mtu wa kuishuhudia. Nakuomba ulitazame jambo hili kutoka upande wake wa pili. Hutakiwi kuizalisha furaha kutoka moyoni mwako ambamo kwa sasa haimo. Mtoto anakuja nayo mwenyewe, kama alivyokuja na konokono, na kazi yako ni kuipokea tu. Kupokea ni kazi ndogo kuliko kuzalisha, na mgonjwa anaweza kuifanya.

Kuhusu huyu wa miezi saba, huenda umewahi kusikia jaribio ambalo mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, na wenzake walilichapisha mwaka 1978. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaagizwa kuukausha uso kwa dakika chache, asitabasamu wala kujibu. Watoto walitabasamu, wakajaribu tena kumvuta mama, na waliposhindwa wakageuza nyuso zao pembeni, wengine wakiwa na huzuni ya wazi. Akina mama wenye sonona wakilisikia jaribio hili huogopa sana, nami huwaambia mambo mawili ambayo wasimuliaji wengi huyaacha. La kwanza ni kwamba baada ya hapo mama alirudi kucheza, na mama na mtoto wakaanza kutafutana upya. La pili ni kwamba Tronick huyo huyo alikuja kueleza kuwa hata mama asiye na ugonjwa wowote huenda sambamba na mtoto wake kwa takriban asilimia 30 tu ya muda wanaokuwa pamoja uso kwa uso. Muda uliobaki ni wa kupishana na kurudiana. Mtoto hujengwa kwa kule kurudiana, kwa kujifunza tena na tena kwamba tukipotezana tutaonana.

Kwa hiyo usijipangie siku nzima ya uchangamfu. Chagua muda mmoja ambao tayari upo, kwa mfano wakati wa kumwogesha au wa kumbadilisha nepi, na uufanye huo kuwa wenu kwa dakika tano. Sonona hufanya mambo mawili kwenye sauti ya mama: huinyoosha ikakosa kupanda na kushuka, na huchelewesha majibu. Hayo mawili yanaweza kurekebishwa kwa makusudi hata kabla moyo haujachangamka. Subiri mtoto atoe sauti, kisha uirudie sauti ile ile kama alivyoitoa yeye, unyamaze, umpe zamu. Akirusha miguu, sema amerusha miguu. Jifunike uso kwa kitambaa, umfunue, uone anavyosubiri. Akigeuza uso, mwache apumzike, maana hiyo ndiyo namna yake ya kusema ametosheka kwa sasa, na mama mwenye sonona hudhani haraka kwamba amekataliwa. Siku ambayo hata hayo hayawezekani, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi na umpapase mgongo polepole, kwa kuwa mguso haudai tabasamu.

Umeuliza kama ujilazimishe. Kuigiza furaha kutwa kutakumaliza, na sikushauri. Lakini kugeuza shingo, kumtazama mtoto machoni na kusema "hebu nione" si unafiki. Hicho ni kitendo, na kitendo kinaweza kutangulia hisia.

Dawa usiache wala kupunguza kwa uamuzi wako, kwa kuwa furaha mara nyingi huchelewa kurudi kuliko usingizi. Kama unanyonyesha, mwambie daktari. Zipo dawa, sertralini ikiwa mojawapo, ambazo hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua gizani kati ya tiba na kunyonyesha. Dodoso la Edinburgh, linalotumika tangu mwaka 1987 kuwapima akina mama baada ya kujifungua, lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na mawili ya mwanzo yanahusu uwezo wa kucheka na wa kuyatazamia mambo kwa furaha. Kupotea kwa kicheko ni dalili ya ugonjwa, dada yangu, haitangazi tabia yako. Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru. Mawazo hayo yakija, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Na ukianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kukesha usiku baada ya usiku bila kuhisi haja ya kulala, au kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitalini mara moja.

Kifungua Mimba alijibu:

Naomba niongeze kutoka upande wa mtoto, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa huyo binti yako.

Mama yangu aliugua nilipokuwa na miaka mitano na alianza kutibiwa nikikaribia tisa. Katika miaka hiyo hakuna mtu aliyeniambia kitu. Wakubwa walidhani wananilinda, kumbe waliniachia kazi ya kutafuta sababu mwenyewe, na sababu niliyoipata ni mimi. Niliamua kwamba kelele zangu ndizo zinazomchosha mama. Nikajifunza kunyata, nikajifunza kucheka nikiwa nimeziba mdomo, na kama kuna jambo zuri limetokea shuleni nilipita nalo mlangoni kwake kimya kimya, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa pomoni. Hakuna aliyenikataza kufurahi. Nilijikataza mwenyewe.

Kwa hiyo kwa swali lako la tatu jibu langu ni mwambie, tena kwa maneno machache. Kwa mtoto wa miaka minne inatosha kusema hivi: "Mama anaumwa ugonjwa unaoitwa sonona. Unamfanya achoke, na unamfanya asicheke hata jambo likiwa zuri. Si wewe uliyeuleta. Daktari anamtibu mama, wewe kazi yako ni kucheza." Sentensi hiyo ya mwisho watu huisahau. Mtoto akishaambiwa kwamba mama ni mgonjwa, hujiteua kuwa mwuguzi wake, huanza kumchunguza uso kila asubuhi na kupima kama leo inaruhusiwa kufurahi, na mzigo huo ni mzito kuliko ule wa kutojua.

Baada ya mama kuanza tiba kulikuwa na jambo dogo ambalo mpaka leo nikilikumbuka koo hunikaba. Kila usiku taa ikishazimwa aliniuliza, "Leo ulicheka wapi?" Halikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Alitaka kujua nani alikuwepo, nani alianza kucheka, ilikuwaje mpaka nikashindwa kujizuia. Mwanzoni yeye mwenyewe hakucheka kabisa, na gizani nilisikia tu pumzi zake, lakini alikuwa akisikiliza, na kesho yake alinikumbusha jambo moja kati ya yale niliyosimulia. Basi nikaanza kumwekea akiba. Mchana kitu kikinichekesha nilijiambia, hiki ni cha usiku. Furaha yangu ilikuwa imepata mahali pa kupelekwa.

Ningependa kumwongezea neno muuguzi kuhusu kuigiza. Watoto wanaona. Kicheko cha mama kilichoishia midomoni kilikuwa kikinitisha kuliko uso wake uliotulia, kwa sababu uso na macho vilikuwa vinaniambia mambo mawili tofauti na sikujua nishike lipi. Afadhali kusema, "Mwanangu, uso wa mama umechoka leo, lakini masikio yako hapa, nisimulie." Mtoto anaielewa lugha hiyo vizuri sana.

Baba wa Mapacha alijibu:

Shemeji, nami nitasema machache kwa ajili ya mwenzako na wote walio karibu nawe, kwa kuwa kosa nililolifanya nadhani waume wengi wenye nia njema hulifanya.

Mke wangu alipougua niliona wajibu wangu ni kumwondolea watoto. Kutwa nzima maneno yangu yalikuwa "msimsumbue mama." Niliwatoa nje, nikawachezesha, wakacheka sana, nami nikajihesabia kwamba nimesaidia. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa akilala chumbani akizisikia zile sauti, akaanza kuamini kwamba nyumba inakwenda vizuri zaidi bila yeye. Nilipoambiwa na mnasihi wetu jinsi wazo hilo linavyoweza kumfikisha mtu mbali, nilikosa usingizi.

Tulibadilisha utaratibu. Mimi nilichukua kazi za nyumbani na zamu za usiku, ili yeye apate angalau saa kadhaa za usingizi usiokatika, na watoto nikawa ninampelekea badala ya kuwaondoa. Tuligundua kwamba asubuhi alikuwa mzito mno, lakini kabla ya saa kumi alasiri kulikuwa na nafasi ya dakika kumi hivi ambapo macho yake yalikuwa na uhai. Tukaitumia nafasi hiyo kwa michezo isiyomtaka aamke: watoto wanakuwa madaktari na mama ni mgonjwa wa kufungwa bendeji, au wanapanga vitu mgongoni mwake mpaka vianguke, au wanatazama picha za kitabu na yeye anaonyesha kwa kidole. Mimi nilikaa karibu, na akichoka niliwachukua bila kusema neno. Nilijifunza pia kutomsifu papo hapo kwa maneno kama "unaona, leo umechangamka," kwa sababu aliniambia maneno yale humfanya ajione yuko kwenye mtihani, na kesho akishindwa anahesabu kwamba amefeli.

Kama yupo shangazi, bibi au rafiki mwenye uso mkunjufu, mwombeni aje mara kwa mara. Mtoto anayechekewa na watu watatu hapunguziwi mama.

Mama wa Wawili aliandika tena:

Ahsanteni sana. Nimesoma majibu yenu mara nyingi, mengine nikiwa ninalia, lakini kilikuwa kilio cha afueni.

Nimemwambia binti yangu kwa maneno yale yale. Alifikiri, kisha akauliza, "Konokono naye ana sonona? Maana anatembea polepole." Nikamwambia hapana, yeye ndivyo alivyoumbwa. Kwa usiku wa tatu sasa nimemuuliza alicheka wapi, na jana alianza kusimulia kabla sijauliza. Kwa mdogo wake nimechagua wakati wa kuoga. Ninarudia sauti zake, na ananitazama kwa mshangao kama aliyekutana na mtu anayeijua lugha yake.

Ila leo asubuhi binti alimwaga maji sakafuni akicheza, nikampigia kelele vibaya sana. Nilimwona alivyonywea, na mchezo ukaishia pale. Je, nimebomoa yote niliyoyaanza? Hasira hizi nazo zinatoka wapi?

Mnasihi wa Familia alijibu:

Mama, hasira za ghafla ni sehemu ya sonona kwa watu wengi, ingawa huzungumzwa kidogo kwa sababu tunaitambua sonona kwa machozi. Mweleze mnasihi wako na daktari wako jambo hili, kwani litawasaidia kujua kama tiba inatosha au inahitaji kurekebishwa.

Hujabomoa. Mrudie leo, hata kama ni jioni. Chuchumaa mpate kulingana macho, umwambie, "Asubuhi nilikupigia kelele. Maji kumwagika halikuwa kosa la kupigiwa kelele. Uliogopa, nami nasikitika." Ukishasema hayo nyamaza, usilie mikononi mwake mpaka yeye awe ndiye anayekubembeleza, wala usirefushe maelezo. Kisha mrudishe kwenye mchezo uliokatika. Wazazi wengi huomba radhi wakaishia hapo, na mtoto akabaki na funzo kwamba kucheza na maji kulileta balaa. Ukimimina maji kwenye beseni mkakaa naye dakika tatu, umeirudisha na furaha yenyewe.

Kuna jambo ambalo bado halijatajwa hapa. Nyumbani tunajitahidi kuwafundisha watoto majina ya hisia ngumu, kama hasira, woga na wivu, lakini zile nzuri tunaziita zote "furaha" na kuzipita. Mpe binti yako majina zaidi. Aliposema konokono ana pembe, ule ulikuwa mshangao. Akimaliza kujenga mnara wake, anajivunia. Akisubiri shangazi aje, ana hamu. Akikulalia kimya, ametulia na ameridhika. Mtajie hisia hiyo wakati iko usoni mwake, umuulize anaisikia wapi mwilini, ili akae nayo kidogo kabla haijapita. Ujihadhari pia na maneno yanayozima, kama "punguza shangwe" au "haya, imetosha," ambayo mama aliyechoka huyatoa bila kukusudia kwa sababu kelele zinamuumiza kichwa. Kama kelele zimezidi uwezo wako, mwambie unapenda anavyofurahi na kwamba kichwa chako kinaomba sauti ndogo. Atajua kinachopunguzwa ni sauti, na furaha abaki nayo.

Nataka pia ujue kwamba tiba yako mwenyewe ni malezi. Mwaka 2006 Myrna Weissman na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa jozi 151 za mama na mtoto, watoto wakiwa na umri wa miaka 7 hadi 17, ambamo akina mama walikuwa wakitibiwa sonona. Baada ya miezi 3, watoto ambao mama zao walipata nafuu kamili walionyesha kupungua kwa matatizo ya kihisia na kitabia, na wale ambao mama zao waliendelea kuumwa hayakupungua. Nchini Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafunza wahudumu wa afya wa kawaida, wasio wataalamu wa akili, wawatembelee akina mama nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: kati ya akina mama 903, mtoto alipofikisha miezi 6 waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliotembelewa kwa mpango huo, na asilimia 53 kwa wasioupata. Ninalolipenda katika matokeo hayo ni kwamba katika familia zilizoupata mpango, mama na baba wote wawili walitumia muda mwingi zaidi kucheza na watoto wao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mpango huo mwaka 2015.

Njia yao, kama nyingi tunazotumia, haimsubirishi mama mpaka apate hamu. Huanza na tendo dogo lililopangwa, likafanyika, likaandikwa, na hamu hufuata nyuma yake. Wewe umeshaanza: kuoga, na swali la usiku. Usiongeze la tatu wiki hii.

Na kuhusu siku ile ya konokono, mwambie binti yako kwamba ulimsikia. Umetueleza kuwa uliyasikia yote aliyomsimulia mwanasesere, lakini yeye hajui. Mtajie uliyoyasikia, moja moja, kwa kadiri unavyokumbuka, na pale uliposahau mwombe akumalizie.

Mama wa Wawili alijibu:

Nimemwambia usiku huu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unasikia," akaanza kusimulia upya tangu mwanzo, kuanzia lile jani.